Etymonline mikononi mwa mwalimu wa Kigoma: kipimo ni maneno ya mbwa

Online Etymology Dictionary, ambayo watumiaji wengi huiita Etymonline, ni kamusi ya mtandaoni ya asili ya maneno ya Kiingereza. Inafunguka kwenye simu au kompyuta bila malipo na bila kujisajili. Gharama ni bando lako tu na uvumilivu wa matangazo yanayojitokeza katikati ya kurasa. Aliyeianzisha ni Douglas Harper wa Pennsylvania, Marekani. Kazi yake ni kueleza neno limetoka wapi, lilianza kuonekana katika maandishi lini, na maana yake ilikuwa nini kabla ya hii tunayoijua leo. Tathmini hii inawalenga walimu wa Kiingereza wa sekondari mkoani Kigoma, na maneno yaliyotumika kuipima ni ya mbwa.

Mbwa amechaguliwa kwa sababu. Mwanafunzi wa Mwanga, wa Ujiji au wa Kasulu anamjua mbwa, kwa hiyo kipindi hakipotei kueleza kitu chenyewe. Zaidi ya hapo, ukoo wa maneno ya mbwa katika Kiingereza una kila aina ya ugumu: lipo neno linalofuatika maelfu ya miaka nyuma, lipo ambalo hakuna ajuaye lilikotoka, yapo yaliyohama maana, yapo yaliyozungukwa na hadithi za uongo, na lipo moja lililotoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kamusi ikivuka hapo, mwalimu anaweza kuitumia kwa maneno mengine bila hofu kubwa.

Neno la kwanza kulitafuta ni "dog" lenyewe. Etymonline inasema kwamba katika Kiingereza cha Kale, kile cha zaidi ya miaka 900 iliyopita, lilikuwa "docga", kwamba lilikuwa neno adimu sana, na kwamba baada ya hapo njia inaishia. Asili yake haijulikani. Neno la kawaida la mbwa zama hizo lilikuwa "hund", ambalo leo tunaliandika "hound". Kidogo kidogo "docga" likamsukuma mwenzake pembeni, na kufikia karne ya 16 "dog" likawa jina la mbwa yeyote, "hound" likabaki na mbwa wa kuwinda. Lugha za jirani nazo zikaliazima, Kifaransa kikapata "dogue" na Kijerumani "Dogge", yote kwa mbwa wakubwa wenye nguvu.

Ukurasa huo mmoja unatosha kuonyesha ubora wa huduma hii. Mhariri angeweza kubuni asili tamu ya kumridhisha msomaji. Badala yake ameandika wazi kwamba hili ni fumbo. Na si fumbo la upweke. "Frog" zamani lilikuwa "frogga", "stag" likiwa "stagga", majina ya wanyama yenye umbo lile lile na yenye giza lile lile nyuma yake. Hata Kihispania kina "perro", jina la mbwa ambalo wataalamu hawajalipatia chimbuko. Mwalimu atakayeulizwa darasani "dog" limetoka lugha gani ajibu kwa kifua mbele kwamba haijulikani, na aonyeshe ni wapi panaposema hivyo.

Sasa tafuta "hound". Hapa ndipo mtu asiyejua kuzisoma alama za kamusi hii anapopotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Andika neno katika umoja, herufi ndogo, bila kiambishi cha mwisho: "hound", si "hounds" wala "hounding". Matokeo yataleta vidahizo kadhaa, yaani maneno yanayofafanuliwa na kamusi, na kila kimoja kina herufi ndogo pembeni. Herufi "n." ni nomino, "v." ni kitenzi, "adj." ni kivumishi. Ukiona namba imefuata, kama n.1 na n.2, usidhani ni maana mbili za neno moja. Ni maneno mawili tofauti yaliyokutana kwa sauti tu, kama "paa" mnyama na "paa" la nyumba. Mfano mzuri ni "bark": la gome la mti lina asili yake Skandinavia, la chombo cha baharini lilipitia Kifaransa, na la mbwa kubweka ni la Kiingereza cha Kale, "beorcan". Mwanafunzi anayefungua kidahizo cha kwanza na kuishia hapo ataandika kwamba kubweka kwa mbwa kumetokana na gome la mti, na atakuwa ameinukuu kamusi kwa uaminifu kabisa.

Kisha angalia tarehe. Kamusi huandika karne kwa namba ikifuatwa na herufi c, hivyo "14c." ni karne ya 14, yaani miaka ya 1300. Kosa la kuandika 1400 ni la kawaida mno, hata kwa watu wazima. "Mid-14c." ni kama 1350 hivi, "late 15c." ni miaka ya mwisho ya 1400. Herufi c ikitangulia mwaka, mfano "c. 1300", inamaanisha takriban. Na tarehe yenyewe ni ya maandishi ya kwanza yaliyopatikana. Watu huenda walilitamka neno hilo mitaani miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuliandika. Wanafunzi wakumbushwe hili kila mara, la sivyo wataandika kwamba neno "lilitungwa" mwaka fulani.

Baada ya tarehe huja mlolongo wa "from". Kila "from" ni hatua moja kurudi nyuma. Kwa "hound" hatua ni tatu: Kiingereza cha Kale "hund", kisha lugha mama ya Kigermaniki (ukoo wa Kiingereza, Kijerumani na Kiholanzi) *hundaz, kisha mzizi wa Kihindi-Kiulaya cha kale (mama wa lugha nyingi za Ulaya na India) *kwon-. Nyota ile ndogo mbele ya neno si pambo wala alama ya tanbihi. Inasema: neno hili halijapatikana limeandikwa popote, wataalamu wamelijenga upya kwa kulinganisha lugha. Ikidondoka wakati wa kunakili ubaoni, dhana inageuka kuwa ushahidi.

Katikati ya mlolongo huo kuna mabano yenye orodha ya maneno ya Kijerumani, Kiholanzi, Kideni na kadhalika. Hapa ndipo kosa kubwa kuliko yote hutokea. Mwanafunzi huona "Hund" la Kijerumani mle ndani, akaandika kwamba "hound" limetoka Kijerumani. Sivyo. Hao ni ndugu wa mama mmoja, hakuna aliyemzaa mwenzake. Kwa mwanafunzi wa Kigoma maelezo ni mepesi: mbwa wa Kiswahili ni "mbwa", wa Kiha na wa Kirundi ni "imbwa", wa Kiganda ni "embwa", wa Kilingala ni "mbwa". Hakuna Mha aliyelichukua neno hili Unguja. Wote wamelirithi kutoka Kibantu cha kale. "Hound" na "Hund" wanahusiana hivyo hivyo.

Mzizi *kwon- una ukurasa wake, na kiungo chake kipo ndani ya maelezo ya "hound". Bofya. Utakuta pamekusanyika Kigiriki "kyon", Kilatini "canis", na maneno ya Kiingereza yaliyotokana nayo. Swali litakalokuja mara moja darasani ni hili: "hound" na "canis" zinafananaje, moja ina h na nyingine ina k? Kamusi haikai kulieleza kila mahali, hivyo mwalimu ajiandae. Kanuni iliyopangwa na Jacob Grimm, mtaalamu wa lugha wa Kijerumani, mwaka 1822 inasema sauti k ya kale iligeuka h katika lugha za Kigermaniki. Kilatini "cornu" na Kiingereza "horn", Kilatini "centum" na "hundred", Kilatini "cordis" na "heart". Anayejua Kirundi, ndugu wa karibu wa Kiha, atalikubali hili bila ubishi, kwa sababu p ya Kiswahili huko mara nyingi ni h: "pembe" ni "ihembe", "pita" ni "guhita", "kupa" ni "guha". Sauti hubadilika kwa mpango, na mpango huo ndio unaowawezesha wataalamu kujenga yale maneno yenye nyota. Somo hili peke yake linahalalisha kuifungua kamusi hii shuleni.

Upande wa Kilatini na Kigiriki huduma inang'ara zaidi. "Kennel", kibanda cha mbwa, imetokana na *canile ya Kilatini cha mtaani, ikapitia Kifaransa cha Waingereza baada ya ushindi wa Wanormani wa 1066. "Canary", yule ndege mdogo wa manjano anayefugwa kwa sauti yake, amepewa jina la visiwa vya Canary alikotoka, na visiwa hivyo jina lao ni la mbwa: Warumi walikiita kimoja Canaria, na Plinio, mwandishi wa Kirumi, aliandika kwamba kilikuwa na mbwa wengi wakubwa. Kwa hiyo jina la mbwa limefika kwa ndege kwa kupitia kisiwa. Wanafunzi hawalisahau hili.

"Cynic" ni kipimo kingine kizuri. Ni neno la Kigiriki "kynikos", lenye maana ya kufanana na mbwa, na liliwahusu wanafalsafa waliokuwa wakidharau mali na heshima za dunia. Kwa nini mbwa? Kuna maelezo mawili. Moja linasema Antisthenes alifundisha mahali nje ya Athene paitwapo Kynosarges, jina lenye mbwa ndani yake. Jingine linasema ni maisha yao yenyewe, hasa ya Diogenes, aliyeishi hadharani pasipo haya hadi akaitwa Mbwa. Etymonline inayataja yote mawili. Kwa mwalimu huo ni msaada, maana mwanafunzi anajifunza kuandika "huenda" na "yawezekana" mahali panapostahili.

"Puppy" linaonyesha maana inavyohama. Limeonekana mwishoni mwa karne ya 15, likiwa na maana ya mbwa mdogo wa kuchezewa na mabibi wa kitajiri, na inaelekea limetokana na Kifaransa "poupée", mwanasesere. Maana ya mtoto wa mbwa ilikuja miaka ya 1590. Kabla yake mtoto wa mbwa aliitwa "whelp", neno la kale ambalo leo halisikiki sana. Na "pup", fupi, si mzazi wa "puppy" kama wengi wanavyodhani. Ni "puppy" iliyokatwa mkia.

Majina ya aina za mbwa yanakwenda haraka, kwa kuwa mengi ni majina ya mahali. "Rottweiler" ni wa mji wa Rottweil, Ujerumani. "Dalmatian" ni wa pwani ya Dalmatia, ambayo leo sehemu yake kubwa iko Kroatia. "Spaniel" ni Mhispania, kwa Kifaransa cha zamani "espaignol". Mengine ni ya kazi: "terrier" ni mbwa wa udongo, kutoka Kilatini "terra", kwa kuwa alimfuata mnyama hadi shimoni, "dachshund" ni Kijerumani kitupu, mbwa wa kuwinda mnyama mchimba mashimo aitwaye "Dachs", "poodle" kwa Kijerumani inahusiana na kurusharusha maji, kwani alikuwa mbwa wa kuokota bata waliopigwa ziwani. "Corgi" ni Kiwelshi, "cor" kibeti na "ci" mbwa, na hiyo "ci" ni ya ule ule mzizi *kwon-. Hapa mwalimu anaweza kuuliza darasa: kati ya majina haya, ni lipi lenye damu moja na "hound"? "Corgi" hupita wengi bila kuonekana, na "dachshund" ni rahisi mno kwa aliyesoma vizuri mwanzo.

Neno jingine la kutafuta, hasa kwa shule zinazofundisha afya na baiolojia, ni "rabies". Ni Kilatini chenye maana ya wazimu na ghadhabu, na "rage" ya Kiingereza imetoka huko huko kwa kupitia Kifaransa. Kiswahili kinauita ugonjwa huo kichaa cha mbwa. Lugha mbili zisizohusiana zimetazama dalili ile ile na kufika kwenye jina lile lile.

Kuna mitego. Kufanana kwa herufi si undugu, na kamusi hii ni dawa nzuri ya ugonjwa huo kama ukiitumia kabla ya kuandika ubaoni. "Dogma" haina mbwa ndani yake. Ni ya kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuonekana sawa, kudhani. "Canal" ni ya "canna", tete au mwanzi. "Canopy" nayo imetoka kwa Kigiriki "konops", mbu, kwa sababu mwanzoni ilikuwa kitanda chenye pazia la kuzuia mbu, chandarua kwa jina letu. Ukimwachia mwanafunzi abahatishe, yote matatu atayatia kwenye banda la mbwa.

Hadithi za mitandaoni ni mtego mbaya zaidi. Inayosambaa sana ni ya msemo wa Kiingereza wa mvua kunyesha paka na mbwa. Inadai kwamba zamani Uingereza wanyama walilala juu ya mapaa ya nyasi, mvua ikija wakateleza na kuanguka chini. Mtu wa Tabora au Kigoma aliyekaa kwenye nyumba ya nyasi anaweza kuikanusha bila kamusi: paa lililoezekwa vizuri lina mteremko mkali na limebanwa, maji yanateleza juu yake bila kupenya, na mbwa hana sehemu ya kujilaza. Hadithi hiyo ilienea kwa barua pepe katika miaka ya 1990, wakati msemo wenyewe ulikuwa umeandikwa katika karne ya 17. Hakuna ushahidi wa mapaa popote kati ya hapo.

Nyingine ni ya "hot dog", soseji ndani ya mkate. Hudaiwa kwamba mchoraji katuni wa New York, Tad Dorgan, alimchora mbwa ndani ya mkate kwa sababu hakujua kuandika "dachshund", na jina likazaliwa hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Katuni hiyo haijapatikana, na neno lilikuwa tayari limeshachapishwa mwaka 1895 na jarida la wanafunzi wa chuo cha Yale. Chanzo chenye mashiko ni mzaha wa karne ya 19 kwamba soseji zilikuwa na nyama ya mbwa. Kanuni ya kufuata: hadithi ikiwa na mtu mmoja, siku moja na tukio moja la kuchekesha, itafutie tarehe ya maandishi ya kwanza. Mara nyingi tarehe huiangusha.

"Dog days" linahitaji uangalifu wa aina nyingine, wa jiografia. Ni siku za joto kali la Julai na Agosti katika nchi za Mediterania, zilizopewa jina kwa sababu nyota Sirius, Nyota ya Mbwa, huchomoza wakati huo karibu na jua. Warumi waliziita siku za "canicula", kijibwa. Kigoma miezi hiyo ni kiangazi chenye usiku wa baridi, kwa hiyo mwanafunzi akiitazama kalenda yake hataona sababu yoyote ya jina hilo. Aelezwe kwamba ni anga na hali ya hewa ya kaskazini. Nyota yenyewe anaweza kuonyeshwa jioni za Januari na Februari, ndiyo inayong'aa kuliko zote usiku.

Sasa upungufu. Maelezo yote ni ya Kiingereza kizito chenye vifupisho, na mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza hatayamudu peke yake. Wengine hukimbilia kitufe cha kivinjari cha kutafsiri ukurasa kwa Kiswahili. Kizimwe. Kitafsiri hugeuza hata neno linalochunguzwa, ukabaki na sentensi inayosema mbwa ametoka kwa mbwa. Simu nayo ina tabia ya kusahihisha tahajia ikibadili "hund" kuwa "hand" au "hunt", hivyo zima usahihishaji kabla ya kuandika maneno ya kale.

Upungufu mkubwa zaidi ni Afrika. Chukua "basenji", mbwa mdogo mwenye mkia uliojikunja, maarufu kwa kuwa habweki kama wenzake bali hutoa sauti ya kupandisha na kushusha. Waingereza walimpeleka kwao kutoka Kongo katika miaka ya 1930, na jina likaingia pamoja naye. Kamusi nyingi za Kiingereza zinapofika hapa huandika "Kibantu" na kunyamaza, kana kwamba Kibantu ni lugha ya mji mmoja. Kwa "hound" tulipewa hatua tatu na ndugu wengi. Kwa jina la mbwa wa Kongo tunapewa nusu mstari.

Na huku ndiko wenye kujua waliko. "Basenji" ni wingi wa "mosenji" katika Kilingala, na msikilizaji yeyote wa Kiswahili anamsikia "mshenzi" na "washenzi" humo ndani, kiambishi kwa kiambishi. Kiswahili kilivuka ziwa hili na misafara ya karne ya 19, Tabora na Ujiji zikiwa vituo vyake vikuu, na watu wa misafara walilitumia neno hilo kwa dharau dhidi ya watu wa bara, wakiwamo wenyeji wa mikoa hii miwili. Mbwa wa basenji ni mbwa wa watu wa porini kwa macho ya aliyewadharau. Mwalimu akilifundisha neno hili asiishie kwenye mbwa. Aseme nani alimwita nani hivyo, maana wanafunzi wake ni wajukuu wa walioitwa.

Kwa pengo hilo, huduma ya kuunganisha na Etymonline ni Wiktionary, nayo ni ya bure. Inaonyesha mzizi wa Kibantu wa "mbwa" na ndugu zake katika lugha kadhaa. Tatizo lake ni kwamba inaandikwa na kuhaririwa na yeyote, kwa hiyo ubora hutofautiana ukurasa kwa ukurasa. Kidahizo kisicho na marejeo kichukuliwe kama fununu. Kamusi kubwa ya Oxford inazipita zote mbili kwa kuonyesha sentensi zenyewe za kale na miaka yake, lakini inadai malipo ya usajili, na kwa shule nyingi za huku hilo halipo kwenye bajeti. Utaratibu unaofaa ni kuanza na Etymonline, kuhakikisha kwa Wiktionary, na pale zinapopingana kuandika yote mawili bila kuamua kwa hisia.

Kwa matumizi ya darasani: kipindi cha dakika 40 kinabeba maneno sita, si zaidi. Yanayofaa kwa kuanzia ni "hound", "kennel", "puppy", "cynic" na "canary", kisha "dog" liachwe la mwisho ili wakutane na "haijulikani" wakiwa wameshazoea kupata jibu. Kila kundi lichore jedwali la safu tano: neno, tarehe ya kwanza, lugha zilizopitiwa, maana ya zamani, kiwango cha uhakika. Safu ya tano ndiyo ya kusahihisha kwa ukali.

Pasipo na mtandao darasani, chapisha. Usichapishe ukurasa moja kwa moja kutoka kwenye kivinjari, kwa sababu matangazo na vidahizo jirani huja navyo na karatasi tatu zinaisha kwa neno moja. Nakili maandishi ya kidahizo tu, yabandike kwenye Word, weka fonti ya Times New Roman ukubwa wa 11. Vidahizo vinne au vitano vifupi vinaenea kwenye karatasi moja ya A4. Fonti ina maana hapa: Kiingereza cha Kale kina herufi kama þ, ð na æ, na kompyuta ya stationari yenye fonti ya ajabu huzigeuza vibox vitupu. Kabla ya kumruhusu kijana wa stationari atoe kopi arobaini, toa moja, itazame, hesabu nyota. Kila neno lililokuwa na nyota kwenye skrini liwe nayo kwenye karatasi.

Nyota za tathmini ni nne kati ya tano. Ya tano imezuiwa na "basenji".